Tumekutana na mwamba chini ya gati, meneja hataki tuandike notisi. Mwanasheria aitwe sasa au baadaye?

Nanga_na_Kalamu

Salaam wakuu. Dada yenu naomba mawazo kwa waliowahi kushika mikataba ya kazi za baharini.

Mimi ni ofisa mikataba upande wa mkandarasi. Nimesomea ukadiriaji majenzi, sheria naijua ya kuokoteza tu. Tunajenga gati la kushushia mafuta: daraja la nguzo za chuma kuingia baharini, jukwaa la mabomba, na kuongeza kina pale meli itakapolala. Mkataba ni Kitabu cha Njano cha FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), toleo la 1999, usanifu ni wetu. Dreja, yaani chombo cha kuchimba chini ya bahari, tumeikodi, si yetu.

Taarifa ya udongo tuliyopewa wakati wa zabuni ina mashimo manne ya uchunguzi kwenye eneo la kuchimba. Yote yanaonyesha mchanga juu, kisha mfinyanzi mgumu, na mwamba dhaifu chini kabisa ya kina tunachotakiwa kufikia. Dreja ilipofika kati ya shimo la pili na la tatu ikakutana na mwamba wa matumbawe ulioshikana kwelikweli. Meno ya kikatio, kichwa cha dreja kinachosaga, sasa yanabadilishwa kila zamu. Wakati huohuo, mawimbi marefu yanayotoka mbali yamekuwa yakisimamisha tishari la kupigilia nguzo, siku ambazo angani hakuna hata wingu.

Leo ni siku ya 19 tangu kikao cha wiki tulipolitaja jambo la mwamba. Limo kwenye muhtasari na upande wa Mhandisi, anayesimamia mkataba kwa niaba ya mwajiri, wamesaini. Meneja wa mradi anasema hiyo inatosha, barua rasmi itatufanya tuonekane watu wa madai na uhusiano utaharibika. Makao makuu nao wanasema mwanasheria wa nje ataitwa "ikifika huko".

Je, muhtasari uliosainiwa ni notisi? Na kwa kazi za namna hii mwanasheria huitwa lini hasa?

Foromani_Mstaafu

Dada, msikilize meneja wako. Nimekula chumvi nyingi kwenye saiti. Barua ya kwanza ya madai ikitoka, na Mhandisi anaanza kuandika zake: ukaguzi unacheleweshwa, kila nguzo inataka karatasi tatu, malipo ya mwezi yanarudishwa kwa kosa la nukta. Kaeni mezani mmalizane kiutu uzima. Wanasheria wakishaingia, wa kwanza kushiba ni wao.

Wakili_Gatini

Foromani, shikamoo mzee wangu. Kwa malipo ya mwezi kurudishwa kwa ajili ya nukta nakuunga mkono, hayo nimeyaona. Kwa yaliyobaki tutapingana.

Dada, kabla ya lolote, hesabu siku zako upya. Kifungu 20.1 kinataka notisi ya dai itolewe ndani ya siku 28, lakini hakisemi tangu kikao. Kinasema tangu mkandarasi alipojua tukio, au alipopaswa kulijua. Fungua taarifa za kila siku za dreja, tafuta siku ya kwanza meno yalipoanza kuliwa ovyo na mita za ujazo kwa saa zikashuka. Ningekuwa upande wa mwajiri ningeanzia kuhesabu hapo, wala nisingejali mlikaa kikao lini. Siku yako ya 19 yaweza kuwa ya 23 au ya 25. Ikipita ya 28, kifungu kinasema wazi: muda hauongezwi, malipo ya ziada hayapo, na mwajiri amevuliwa dhima yote ya dai hilo. Zipo nchi ambazo sheria zake hulegeza makali hayo kwa hoja ya nia njema. Mimi sijawahi kumshauri mtu apange mradi kwa kutegemea huruma ya msuluhishi.

Kuhusu muhtasari. Kuna kesi iliyoamuliwa London mwaka 2014 na Jaji Akenhead, kati ya mkandarasi wa Kihispania, Obrascon Huarte Lain, na serikali ya Gibraltar. Ilikuwa barabara na handaki kupita chini ya njia ya ndege, mkataba kama wako: Njano, 1999. Jaji hakuwa mkali kwenye notisi. Alisema haihitaji umbo maalumu, na hata hesabu ya siku inaweza kuanzia ucheleweshaji unapotokea kweli, si lazima unapoanza kuonekana kwa mbali. Lakini alitaka iwe ya maandishi, ieleze tukio, na msomaji aelewe kuwa mkandarasi anadai kitu chini ya mkataba. Sasa soma tena muhtasari wenu. Kama umeandikwa "Mkandarasi alieleza kwamba amekutana na mwamba", hiyo ni habari. Hakuna mtu anayedaiwa chochote pale.

Kesi hiyohiyo ina somo la pili, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kwako. Mkandarasi alidai kwamba udongo uliochafuliwa ulizidi ule uliotajwa kwenye ripoti ya mwajiri. Akashindwa. Eneo lile lilikuwa na historia ndefu ya matumizi ya kijeshi, na jaji akasema mkandarasi mzoefu hachukui tarakimu za ripoti na kusimama hapo, anapima mwenyewe ni nini kingine kinaweza kuwa chini. Mahakama ya Rufani iliafiki mwaka 2015. Kwa hiyo swali utakaloulizwa halitakuwa "je, mwamba ulionekana kwenye mashimo manne?" Utaulizwa kama mchimbaji mzoefu, akijua pwani yenye matumbawe na akiona umbali uliopo kati ya shimo na shimo, alipaswa kuutazamia. Chimbueni mafaili ya zabuni leo. Kama mkadiriaji wenu aliandika popote kwamba alizingatia mwamba wa nguvu fulani kwa kiasi fulani, karatasi hiyo ni dhahabu. Kama aliandika "hatari ya matumbawe: tumeifumbia macho", nayo ni bora uijue kabla ya mwenzako kuijua.

Halafu kuna ushahidi, na hapa ndipo kazi ya majini inapotofautiana na ya nchi kavu. Ukichimba msingi wa jengo ukakuta jiwe, jiwe linakaa palepale, mtu anakuja na kamera. Dreja inakisaga kile unachokidai na kukisukuma kwenye bomba. Jioni hakuna mwamba, kuna shimo na maji machafu. Kifungu 4.12 kinakutaka uieleze hali hiyo ili Mhandisi aweze kuikagua, na useme kwa nini haikutazamiwa. Simamisha ukanda mmoja ambao haujaguswa, hata mita ishirini tu, mwalike Mhandisi kwa maandishi aje achukue sampuli pamoja nanyi. Vipande vinavyonasa kwenye kikatio viwekwe kwenye ndoo zenye lebo: tarehe, saa, viwianishi, kina, jina la aliyevitoa. Vipelekwe maabara vipimwe nguvu ya mgandamizo kwa MPa (megapaskali). Meno yaliyokwisha usiyauze chuma chakavu. Omba kwa mwenye dreja kumbukumbu za kompyuta za mzunguko wa kikatio na shinikizo la pampu, na uziombe sasa, kwa sababu dreja ikishaondoka kwenda mradi mwingine hutapata mtu wa kupokea simu. Hayo ndiyo yatakayokushindia dai. Ufasaha wangu mbele ya wasuluhishi unakuja nyuma sana.

Sasa mwanasheria aitwe lini. Mahali pa faida kubwa ni kabla ya zabuni kufungwa. Ninachofanya hapo hakina utukufu wowote. Nakaa na mkadiriaji na mtu wa dreja, tunasoma ripoti ya udongo ukurasa kwa ukurasa, nawauliza bei yao imejengwa juu ya mwamba gani. Kisha tunajaribu kuiingiza dhana hiyo kwenye mkataba: nguvu isiyozidi kiwango fulani, ujazo usiozidi kiasi fulani, kikizidi bei inabadilika. Kikikubaliwa, mgogoro wa baadaye unakuwa hesabu. Kikikataliwa, angalau mnajua mnanunua hatari gani. Mahali pa pili ni hapo ulipo wewe. Hiyo "ikifika huko" ya makao makuu maana yake ni kuniita miaka miwili baadaye nije nipekue maboksi kutafuta barua ambazo hazikuandikwa. Nitalipwa vizuri, ndiyo. Foromani hajakosea kuhusu nani atakayeshiba.

Na usisahau mkataba wa kukodi dreja. Soma muda wa notisi uliomo humo na nani anabeba siku za kusimama. Mara nyingi mwenye chombo ana siku chache kuliko zenu, sheria tofauti, na kipengele cha kila upande kubeba hasara ya mali yake na watu wake bila kujali kosa ni la nani, kama ilivyo kwenye mikataba ya vyombo vya kazi ya BIMCO, chama cha kimataifa cha wenye meli. Mnaweza kushinda huku mkalia kule.

Mkaazi_wa_Saiti

Mimi nipo upande wa pili, nawakilisha Mhandisi kwenye miradi ya bandari. Niseme jambo ambalo wakandarasi hawaliamini: notisi nzuri inanisaidia mimi. Bila karatasi siwezi kumwendea mwajiri nikamwambia atenge fedha za dharura, na mwajiri hawezi kumwendea mkopeshaji. Kinachoniudhi ni notisi ya vitisho yenye kurasa nyingi zilizonakiliwa kutoka mradi mwingine, au ile ya kila Jumatatu inayodai kila kitu kilichotokea duniani. Ukurasa mmoja safi hauharibu uhusiano wowote.

Tahadhari moja kwa dada. 4.12 ina aya ambayo watu huiruka: kabla ya kukubali gharama, Mhandisi anaruhusiwa kuangalia kama sehemu nyingine za kazi zilizofanana na hiyo zilikuwa nafuu kuliko ilivyotarajiwa. Kama upande wa mashariki mlikuta mchanga mtupu na dreja ikapaa, nitazisoma taarifa hizo pia. Msije mkaniletea za magharibi peke yake. Na mjue mtakachopata ni gharama, faida haimo.

Nahodha_Tishari

Salaam kwenu. Kuhusu mawimbi, naona wote mmeruka. Nimeendesha matishari ya kreni muda mrefu, ngoja niwape lugha ya majini.

Mikataba mingi huandika kikomo cha urefu wa wimbi tu, kwa mfano mita 1.5. Haitoshi. Wimbi la mita 1.5 linalokuja kila sekunde 6, tishari kubwa linalikalia. Wimbi la mita 0.8 linalokuja kila sekunde 14 linaliinua na kulibembeza lote, nyundo iliyoning'inia kwenye kreni inaanza kutembea, na nguzo inaacha mstari. Mtu wa nchi kavu akitazama anaona bahari shwari, anaandika "mkandarasi hakufanya kazi". Kwa hiyo daftari lako liwe na vitu vitatu: urefu, kipindi (sekunde kati ya wimbi na wimbi), na mwelekeo. Kama hamna boya la kupimia, kodini leo. Na andikeni saa, si siku. Wakati wa bamvua kuna siku tunasimama saa nne tu za mkondo mkali, kisha tunaendelea. Mkiandika "siku nzima imepotea", yule mkaazi hapo juu atawakamata.

Mkaazi_wa_Saiti

Nitawakamata.

Wakili_Gatini

Nahodha, nakuibia hilo la sekunde, litaingia kwenye rasimu yangu ijayo.

Kisheria mawimbi hayo ni mahali pa ubishi mkali. Toleo la 1999 linasema hali za kimaumbile ni pamoja na za chini ya ardhi na za maji, lakini hali ya hewa imetolewa. Hali ya hewa mbaya isiyo ya kawaida inakupa muda chini ya kifungu 8.4, haikupi hela. Je, wimbi lililozaliwa na dhoruba ya mbali sana, likafika kwako jua likiwaka, ni hali ya maji au hali ya hewa? Mkandarasi atasema maji, mwajiri atasema hewa. Toleo la 2017 limemsogelea mwajiri, kwa sababu limetoa pia matokeo ya hali ya hewa hiyo. Wewe uko 1999, kwa hiyo una nafasi ya kubisha, ila usiitegemee kwa malipo. Omba muda kwanza, malipo kwa hoja mbadala. Na linganisha na kumbukumbu za miaka mingi, maana wimbi la msimu unaojulikana halina dai hata likuvunjie kreni.

Nanga_na_Kalamu

Asanteni sana, wote. Nimefungua taarifa za dreja. Wakili umeona mbali: matumizi ya meno yalianza kupanda siku nne kabla ya kikao. Kwa hesabu yako leo ni siku ya 23. Nimemwonyesha meneja, amenyamaza kidogo kisha akasema "andika".

Naomba niongeze moja kabla sijaandaa rasimu, maana naona liko njiani. Mahitaji ya Mwajiri yanataja kiwango cha usanifu tunachopaswa kukifuata kwa nguzo. Kisha kurasa nyingi mbele kuna sentensi moja imejificha: nguzo na jukwaa zisanifiwe zihakikishe maisha ya miaka 50. Msanifu wetu anasema tukifuata kiwango tuko salama. Ni kweli?

Wakili_Gatini

Si kweli, na sentensi iliyojificha ndiyo huwa inauma.

Mtafutie msanifu wako kesi ya MT Højgaard na E.ON, Mahakama ya Juu ya Uingereza, Agosti 2017. Ni mitambo ya umeme wa upepo ya Robin Rigg, ndani ya Solway Firth. Mkandarasi alisanifu misingi: nguzo moja kubwa ya chuma, juu yake kipande cha mpito, katikati ya viwili hivyo grauti (uji wa saruji wa kuunganisha). Alifuata kiwango cha kimataifa cha DNV, J101, kama alivyoagizwa. Kumbe ndani ya kiwango chenyewe mlikuwa na kosa la mlinganyo, thamani moja ikakuza nguvu ya muungano kwa takribani mara kumi. Kazi ilikamilika mapema 2009, mwaka huohuo tatizo likagunduliwa kwenye shamba jingine la upepo, na muda si mrefu vipande vya mpito vya Robin Rigg vikaanza kuteleza. Marekebisho yalikadiriwa kufikia euro milioni 26.25.

Nani alilipa? Mkandarasi. Mahakama ilikubali kwamba hakuwa mzembe na kwamba kiwango alikifuata. Lakini ndani ya mahitaji ya kiufundi kulikuwa na aya fupi iliyotaka usanifu uhakikishe misingi inadumu miaka 20. Mahakama ikasema kiwango ni cha chini kabisa cha kufikia, na ahadi ya miaka ni ahadi inayosimama peke yake. Pale vipengele viwili vinapotaka vitu tofauti, anayesanifu anabanwa na kile kizito zaidi.

Kitabu cha Njano tayari kinakutaka kazi ifae kwa madhumuni yake, kifungu 4.1. Ile sentensi ya miaka 50 inaongeza uzito juu yake. Sasa pigia simu watu wa bima ya msanifu. Bima nyingi za taaluma hulipa uzembe, hazilipi ahadi ya matokeo. Kama ndivyo, pengo ni lenu. Mkataba umeshasainiwa, kwa hiyo huwezi kuifuta sentensi, lakini unaweza kumwandikia Mhandisi akubainishie miaka 50 inachukulia ukaguzi gani, upakaji rangi upya mara ngapi, anodi za kuzuia kutu zibadilishwe na nani. Jibu lake likikubaliwa kwa maandishi, ahadi yenu inapata mipaka.

Nanga_na_Kalamu

Nimeelewa. Rasimu ya notisi hii hapa, nikosoeni:

"Tunapenda kukujulisha kwamba wakati wa kuongeza kina tumekutana na mwamba mgumu ambao huenda ukaathiri ratiba. Tunaamini jambo hili litashughulikiwa kwa ushirikiano. Tunahifadhi haki zetu zote."

Mkaazi_wa_Saiti

Nikipokea hiyo nitaijibu "imepokelewa na kuzingatiwa", na nitaifaili.

Wakili_Gatini

Atafanya hivyo, na atakuwa sahihi. "Tunahifadhi haki zetu zote" haijawahi kumlipa mtu. Jaribu hivi:

"Hii ni notisi ya dai chini ya vifungu 4.12 na 20.1 vya Masharti ya Mkataba. Kati ya shimo la 2 na la 3 (viwianishi na kina vimeambatishwa) Mkandarasi amekutana na mwamba wa matumbawe ulioshikana, ambao haumo katika taarifa za eneo alizopewa wakati wa zabuni na ambao mkandarasi mzoefu asingeweza kuutazamia kwa busara, kwa sababu mashimo yote manne yalionyesha mchanga na mfinyanzi hadi chini ya kina cha usanifu. Mkandarasi anachelewa na anaingia gharama, na anadai nyongeza ya muda na malipo ya gharama hizo. Ukanda ulioonyeshwa kwenye mchoro umeachwa bila kuchimbwa hadi kesho kutwa saa sita mchana ili uukague."

Usitaje kiasi bado. Maelezo kamili yana siku 42, nazo zinahesabiwa kuanzia siku ileile mlipojua tukio, si kuanzia siku ya barua. Mawimbi yaandikie barua yake peke yake, usiyachanganye na mwamba. Angalia kifungu 1.3 uone anwani ya kupelekea notisi, na kama barua pepe haikukubaliwa kwenye mkataba basi mpelekee mtu kwa mkono. Kundi la WhatsApp la mradi halihesabiki, hata kama Mhandisi ameweka dole gumba.

Foromani_Mstaafu

Marahaba wakili, nimesoma yote, sibishi tena. Dada, kwenye nakala yako wagonge muhuri wenye tarehe, na jina la aliyepokea liandikwe lisomeke. Wengi husaini mkunjo tu, halafu baadaye kila mtu pale ofisini anakana kuwa si wake.